Mahojiano ya Quebec: Mke na Mume Wajitayarishe Pamoja

Juma lililopita ukurasa huu ulieleza namna ya kuhifadhi ndagala wakati wa mvua, na huenda baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kuona kwamba leo tumeliacha jiko na kuingia katika habari za pasi, vyeti na maofisa wa uhamiaji. Lakini jambo lenyewe limezaliwa nyumbani, juu ya meza ile ile tunayolia chakula, na kwa maoni yangu huharibika au kutengenea hapo hapo kabla halijafika katika ofisi yoyote. Nazungumzia mahojiano ambayo jimbo la Quebec, katika nchi ya Kanada, limekuwa likiwafanyia watu wanaoomba kwenda kuishi na kufanya kazi huko, mahojiano ambayo sehemu yake kubwa huendeshwa kwa Kifaransa.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini Quebec huhoji watu kwa upande wake, hali nchi ni moja. Quebec ni jimbo la Kanada ambalo wenyeji wake wengi husema Kifaransa, nao wamezungukwa pande zote na mamilioni ya watu wanaosema Kiingereza. Kwa kuchelea lugha yao isije ikapotea, waliunda wizara yao wenyewe ya uhamiaji mwaka 1968, wakafanya mapatano na serikali kuu mwaka 1978, na tena mapatano makubwa zaidi mwaka 1991, ambayo yaliwapa haki ya kuchagua wenyewe wafanyakazi watakaokwenda kukaa kwao. Kwa hiyo mwombaji hupita milango miwili. Quebec humchagua na kumpa Cheti cha Uteuzi. Kisha serikali ya Kanada hutazama afya yake na mwenendo wake, ndipo humpa ruhusa ya kuingia. Wengi wa jamaa zetu huchanganya milango hii miwili, wakapata cheti cha kwanza wakauza vitanda na makabati, kumbe safari bado ina mwaka mzima au zaidi.

Mimi nililijua jambo hili mwaka 2008, wakati kaka yangu na wifi yangu walipoitwa. Kaka alikuwa mhasibu katika kampuni moja ya hapa Bujumbura. Wifi alikuwa na stashahada ya uuguzi. Walikuwa na watoto watatu, na walikuwa wamengoja barua hiyo kwa muda mrefu hata wakaacha kuizungumzia. Barua ilisema wafike katika mji mkuu wa nchi ya jirani, katika hoteli fulani, siku fulani na saa fulani, wakiwa na hati zao zote za asili, kwani wakati ule maofisa wa Quebec walikuwa wakisafiri kuwahoji watu karibu na makwao. Walikuwa na majuma saba ya kujitayarisha. Kwa kuwa kabla ya kuingia katika kazi hii ya gazeti nilikuwa nimefundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, kaka aliniomba nije kila jioni baada ya chakula, niketi upande wa pili wa meza na kujifanya afisa.

Jioni ya kwanza kaka alisimulia maisha yake kwa Kifaransa kizuri mno. Alikuwa ameandika kurasa nne na kuzihifadhi moyoni neno kwa neno: alizaliwa wapi, alisoma wapi, kwa nini anaipenda Quebec, mto Saint-Laurent una urefu gani. Nilimwacha mpaka katikati ya ukurasa wa pili, kisha nikamkata na kumwuliza, kwa Kifaransa hicho hicho, je, jana ofisini ulifanya kazi gani kuanzia asubuhi hadi mchana? Akanyamaza. Alirudi nyuma kutafuta sentensi aliyoiacha, asiipate, akaanza tena na kuzaliwa kwake. Sote tulicheka, hata watoto, lakini kaka hakucheka.

Hilo ndilo kosa la kwanza la watu wetu, na ni kosa la watu waliosoma vizuri. Katika shule zetu tumezoeshwa kwamba mtihani ni jambo la kuhifadhi. Lakini afisa wa uteuzi hakuja kusikiliza imla. Jalada lako tayari liko mbele yake. Ameyasoma yote uliyoandika. Anachotaka ni kuona kwamba mtu aliyemo katika karatasi ndiye mtu aliyeketi mbele yake, na kwamba mtu huyo aweza kufahamiana na mwajiri, na mwalimu wa watoto, na mwenye nyumba wake, bila kumtafuta mkalimani. Mwenye Kifaransa kidogo lakini kinachotembea humridhisha kuliko mwenye Kifaransa cha fahari kinachosimama mara anapoguswa.

Kosa la pili nililiona jioni ile ile, nalo ni la nyumbani hasa. Kila nilipomwuliza wifi swali, kaka ndiye aliyejibu. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo walivyozoea mbele ya mgeni mwenye cheo, na wifi naye alikuwa akimtazama mumewe kwanza, kama ilivyo adabu kwetu. Lakini katika utaratibu wa Quebec mke hakuwa msindikizaji. Elimu yake, umri wake na Kifaransa chake vilikuwa na alama zake katika jedwali la uteuzi, na Kifaransa hicho hakipimwi kwa mdomo wa mumewe. Mwombaji mwenyewe aliweza kupata hadi alama 16 kwa Kifaransa na hadi 6 kwa Kiingereza, na palikuwa na jamaa zilizokosa kwa alama mbili au tatu tu. Kwa hiyo nilitoa amri, ingawa yeye ni mkubwa wangu: siku ninapozungumza na wifi, kaka atoke nje akatazame mvua.

Wifi alipobaki peke yake nilitambua kwamba Kifaransa chake hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kimelala. Alikuwa amekisoma kwa miaka mingi, na kazi ya hospitali aliianza kwa Kifaransa, lakini tangu aache kazi hiyo alikuwa akiishi kwa Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni. Basi nikaanza naye kwa maswali ya jikoni. Umepika nini? Umenunua kwa bei gani? Mtoto wa pili anaumwa nini? Kwa siku kumi hatukugusa habari ya Quebec hata kidogo, na kufikia siku ya kumi na moja alikuwa ananisimulia ugomvi wa majirani wawili juu ya bomba la maji, kwa Kifaransa chenye makosa, bila kusimama.

Ndipo tukaingia katika jalada lenyewe, na hapo jambo zito likajitokeza.

Nilikuwa nimelishika mkononi kama afisa, nikamwuliza: Katika zahanati ile ulianza kazi mwaka gani, na uliacha mwaka gani? Wifi alimtazama mumewe, ambaye siku hiyo tulikuwa tumemruhusu kuketi. Kaka alitazama meza. Katika karatasi iliandikwa kwamba alifanya kazi ya uuguzi kutoka mwaka 1999 hadi 2006, na palikuwapo barua ya kuthibitisha, yenye mhuri. Ukweli ni kwamba wifi aliacha kazi mwaka 2001 alipojifungua mtoto wa pili, na tangu hapo alikuwa akiuza vitenge katika soko kuu la Bujumbura, lile lililoteketea kwa moto mwezi Januari 2013. Fomu ilikuwa imejazwa na dalali mmoja, komisioneri kama tuwaitavyo hapa kwetu, ambaye alichukua fedha nyingi na kusema kwamba muuza vitenge hachaguliwi na mtu, na kwamba barua ya zahanati ni jambo dogo, yeye anajua pa kuipata. Wao walitia sahihi chini, mahali palipoandikwa kwamba yote yaliyosemwa ni kweli.

Jioni tatu hatukufanya mazoezi. Kaka alisema ni afadhali kunyamaza, kwa maana sasa kusahihisha ni sawa na kujishtaki. Alihesabu miaka waliyongoja na fedha walizotumia. Sikuwa na jibu la kumpa, maana si mimi niliyekuwa na watoto watatu na barua ya wito mkononi. Aliyekata shauri ni wifi. Alisema maneno ambayo sijayasahau: “Mimi siwezi kuusema uongo ule kwa Kifaransa. Kwa Kirundi labda ningejaribu.”

Nataka msomaji aliangalie neno hilo, kwa sababu lina maarifa zaidi kuliko lilivyoonekana. Mtu anayesema lugha asiyoimudu vizuri hana nguvu ya kubeba vitu viwili kwa mara moja. Akili yote inatafuta maneno. Haikubaki akili ya kulinda hadithi. Afisa huuliza mwaka, kisha huuliza jina la mganga mkuu, kisha zamu za usiku zilikuwaje, kisha baada ya robo saa hurudi kwenye mwaka. Mwenye kusema kweli atakosea kitenzi lakini mwaka hautabadilika. Na adhabu si ndogo. Kwa sheria ya Kanada ya siku hizi, mtu anayegunduliwa kwamba alidanganya katika maombi yake aweza kufungiwa mlango kwa miaka 5, na komisioneri aliyejaza fomu hayumo katika hesabu hiyo. Sahihi si yake.

Waliandika barua ya ukurasa mmoja. Walieleza kwamba tarehe za kazi ya mke hazikuwa sahihi, wakaandika zilizo sahihi, wakataja biashara ya vitenge, na kuomba ile barua ya zahanati isihesabiwe. Waliituma kwa ofisi iliyowaita kabla ya siku ya mahojiano, na nakala wakaiweka juu kabisa katika mkoba wa hati. Kisha tukaanza upya.

Kuanzia hapo mazoezi yalikuwa mepesi kwa namna ya ajabu. Wifi alikuwa na mambo ya kusema. Tulitafuta maneno ya biashara yake: mita, faida, hasara, mkopo, mteja asiyelipa. Angeweza kuzungumza nusu saa nzima juu ya wateja wasiolipa. Kaka naye alizichana kurasa zake nne na kuanza kueleza kazi ya mhasibu kama anavyomweleza mtoto, yaani mwisho wa mwezi unakuwaje, mshahara unahesabiwa vipi, na nini hutokea hesabu zisipolingana.

Kifaransa chetu na cha Quebec vina tofauti ambazo haziogopeshi, ila yafaa kuzizoea masikioni. Sisi tulirithi kwa Wabelgiji kuhesabu “septante” kwa sabini na “nonante” kwa tisini. Watu wa Quebec husema “soixante-dix”, yaani sitini na kumi, na “quatre-vingt-dix”, yaani ishirini mara nne na kumi juu yake. Afisa atakufahamu ukisema “nonante”, lakini je, wewe utamfahamu anapotaja kwa haraka mwaka 1997 kwa namna ya kwao? Nilimsomea wifi tarehe hamsini kwa namna hiyo naye akaziandika kwa tarakimu, na mara ya kwanza alikosa zaidi ya nusu. Tena matamshi yao yana sauti ambayo haimo katika vitabu vyetu: “tu” kwao husikika karibu na “tsu”, na “dix” husikika kama “dzis”. Husema “fin de semaine” kwa mwisho wa juma na “magasiner” kwa kwenda madukani. Katika majina ya vyakula, hata hivyo, sisi tuna bahati kuliko mtu wa Paris: “déjeuner” kwao ni cha asubuhi, “dîner” cha mchana, “souper” cha jioni, sawasawa na walivyotufundisha Wabelgiji.

Palikuwa na neno moja lililonipa kazi kuliko yote, nalo ni “oui”. Watu wetu, kwa heshima, hujibu ndiyo kwa mkubwa hata kama hawakusikia swali. Nilimwuliza wifi kwa haraka kama amewahi kukataliwa kuingia nchi nyingine, akanijibu “oui” kwa tabasamu. Hebu fikiria ndiyo hiyo imeandikwa na afisa! Basi tukajifunza sentensi ya kuomba swali lirudiwe polepole, na nikamwamuru aitumie angalau mara mbili kila jioni, hata kama amesikia, ili isiwe na aibu tena mdomoni. Kuomba swali lirudiwe hakuhesabiwi kuwa ujinga. Mtu aliyezaliwa Paris naye huomba.

Juu ya hati nitasema machache, kwa kuwa barua ya wito hueleza yenyewe zinazotakiwa: pasi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, shahada pamoja na orodha za alama, barua za waajiri, stakabadhi za mishahara. Ziwe za asili, na zipangwe kwa mfuatano wa fomu, si kwa mfuatano wa kupatikana kwake. Ila jambo moja la kwetu lahitaji kutayarishiwa sentensi. Hapa Burundi kila mtoto huweza kuwa na jina lake mwenyewe, lisilo la baba wala la mama. Mgeni anayeona watoto watatu wenye majina matatu tofauti aweza kudhani ni watoto wa nyumba tatu. Kinyume chake, mke wa kwetu aliyezoea kuitwa kwa jina la mumewe asilitumie mbele ya afisa wa Quebec, kwani huko tangu mwaka 1981 sheria inamtaka mwanamke aliyeolewa abaki na jina lake la kuzaliwa. Kwa hiyo jina la pasi ndilo jina.

Siku yenyewe nilisimuliwa na wifi, si mara moja. Walifika hotelini saa moja kabla. Katika ukumbi walikuwapo wengine wakingoja, na mmoja alikuwa akitembea huku na huku akisema peke yake kwa sauti ya chini, kama kaka wa siku ya kwanza. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyewaamkia na kuwauliza habari za safari, na wifi akatambua baadaye kwamba mtihani wa lugha ulikuwa umeanza pale pale mlangoni. Alitazama pasi na vyeti. Alimwuliza kaka maswali machache ya kazi, kisha ghafla akabadili lugha na kumtaka aeleze kwa Kiingereza njia ya kutoka nyumbani kwake hadi ofisini. Kaka alijikokota, lakini alifika ofisini. Wifi alipoulizwa kwa Kiingereza alisema sentensi moja, kwamba hakijui lakini atajifunza, na afisa akatabasamu akarudi kwenye Kifaransa.

Kisha aliitoa ile barua ya masahihisho. Aliiweka mezani, akamwuliza wifi kwa nini. Kaka akafungua mdomo, na afisa akainua mkono kidogo tu, bila ukali. Wifi alieleza. Alisema waliogopa kwamba kuuza vitenge si kazi ya kutosha. Afisa alimwuliza: Mteja asipolipa unafanya nini? Wifi aniambia kwamba alitaka kucheka. Alieleza daftari lake la mikopo, na yule mteja wa Ngagara aliyelipa kwa mbuzi, na alipokosa neno alilizunguka kwa maneno mengine, na kwa muda alisahau kabisa kwamba alikuwa anasema Kifaransa.

Aliulizwa pia kama anatazamia kuwa muuguzi huko. Hapo maandalio yalimsaidia, kwa sababu tulikuwa tumesoma kwamba katika Quebec kazi kama uuguzi, uhandisi na uganga husimamiwa na vyama vya kitaaluma kwa mujibu wa sheria, na hakuna ruhusa ya kujiita muuguzi bila kibali cha chama chake, hata uwe na stashahada kumi. Alijibu kwamba angeanza kama msaidizi wa wagonjwa na wazee, huku akifuata hatua za kutambuliwa. Waliulizwa habari za shule ya watoto, nao walijua kwamba kwa sheria ya lugha ya mwaka 1977 watoto wa wahamiaji husomeshwa kwa Kifaransa. Waliulizwa juu ya fedha, kwa kuwa mwombaji hutia sahihi mkataba wa kujitegemea kwa miezi 3 ya mwanzo. Juu ya baridi hawakuulizwa, ingawa kaka alikuwa amejifunza majina ya nguo saba za sufu.

Katika siku zile watu wengi walipewa cheti chao pale pale, na waliowatangulia walitoka na bahasha mkononi. Kaka na wifi walitoka bila kitu. Afisa aliwaambia kwamba jalada lao litatazamwa tena kwa sababu ya masahihisho. Katika basi la kurudi, kaka hakusema na mtu. Miezi mitano ilipita. Nadhani ile ndiyo miezi mibaya kuliko yote niliyoiona katika nyumba ile, kwa maana kila mmoja alijua mwingine anafikiri nini, na mama yetu, ambaye hakuelezwa habari za ile barua, alikuwa akiuliza kila Jumapili. Kisha cheti kikaja. Mlango wa pili, ule wa serikali ya Kanada, ulichukua muda wake nao, hata wakaondoka mwaka 2011.

Sasa, msomaji asije akaiga mambo ya mwaka 2008 kama yalivyo. Utaratibu umebadilika mno. Tangu mwaka 2018 Quebec haipokei tena maombi kwa kufuata nani aliyetangulia. Mtu huandikisha nia yake kwa njia ya intaneti, naye hungoja kualikwa. Sheria iliyopitishwa mwezi Juni 2019 ilifuta maelfu ya majalada ya zamani yaliyokuwa yakingoja, na wenye majalada hayo wakaanza upya au wakakata tamaa. Tangu Januari 2020 mwombaji hutakiwa pia kuonyesha kwamba amejifunza misingi ya maisha ya Quebec, ama kwa mafunzo ama kwa mtihani wa maswali 20, ambao huhitaji kupata asilimia 75. Na mwishoni mwa mwaka 2024 mpango mpya wa kuchagua wafanyakazi ulichukua mahali pa ule wa zamani. Katika mpango huo Kifaransa kimekuwa sharti kwa wengi: kwenye ngazi 12 za Quebec, wenye kazi za ujuzi wa juu hutakiwa kufika ngazi ya 7 katika kusema na kusikia, wenye kazi za kati na za mikono ngazi ya 5, na mume au mke anayefuatana naye ngazi ya 4.

Mahojiano ya ana kwa ana yamekuwa machache. Ofisi bado ina uwezo wa kumwita mtu inapotaka kuhakikisha ukweli wa jalada lake, lakini lugha hupimwa kwa mitihani iliyokubaliwa. Hata hivyo yule afisa wa mezani hakutoweka. Amehamia ndani ya mtihani. Chukua mtihani uitwao TCF, sehemu ya kusema: huchukua dakika 12 mbele ya mtahini. Kwanza ni mazungumzo ya dakika 2 juu yako mwenyewe, bila maandalio. Kisha hupewa hali fulani, kwa mfano kuulizia nyumba ya kupanga, na dakika 2 za kufikiri kabla ya kuzungumza. Mwisho hutoa maoni yako juu ya jambo, tena bila maandalio. Mwenye kuhifadhi kurasa nne atakwama hapo kama kaka yangu alivyokwama. Matokeo ya mtihani huo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo si busara kuukimbilia kabla mambo mengine hayajawa tayari.

Wifi yangu yuko Montréal. Alifanya kazi ya kuwasaidia wazee kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi darasani, na uuguzi hakuurudia. Alisema miguu imechoka na vitabu vimekuwa vizito. Anasimamia duka la vitambaa. Watoto wake humcheka anaposema “nonante”, naye husema hivyo kwa makusudi.

Hapa nyumbani nina mwanafunzi mwingine sasa, jirani yangu wa Buyenzi, ambaye mumewe amekwisha kufaulu mtihani wake naye bado. Huja kwangu kila jioni baada ya kulaza watoto. Jana alinieleza kwa dakika mbili kamili jinsi ya kupika maharagwe na lengalenga kwa jamaa ya watu wanane, na hakusema neno hata moja la Kiswahili, isipokuwa “lengalenga”, ambalo mimi mwenyewe sina Kifaransa chake. Mumewe alikuwa nje barazani. Tumemwambia asiingie mpaka aitwe.